Kuku wa Ukaguzi

Jirani yangu hapa Nyasho akibabua kuku, harufu ile hunirudisha shule ya msingi, huko Bunda. Wakaguzi walikuwa wanakuja kuona shule inavyojitegemea, na banda letu la kuku lilikuwa tupu. Mwalimu mkuu akatuagiza tulete kuku wa nyumbani.

"Jioni mtarudi nao," alisema.

Nilimbembeleza mama, nikapeleka tetea wetu mweusi. Wageni walihesabu kuku, wakaandika, wakasifu. Mchana nikamkuta mpishi akimnyonyoa tetea wetu. Nikamkimbilia mwalimu mkuu.

"Mwalimu, si ulisema tutarudi nao?"

"Sasa wageni wangekula nini?" alinijibu bila kunitazama.

Wiki iliyofuata, mstarini, alitangaza kwamba shule yetu imekuwa ya kwanza. Tukaambiwa tupige makofi, nami nikapiga.