Bi Harusi wa Njia ya Namoto

Wajukuu wangu wakienda chuo wanarudi na picha. Sisi tulirudi na uchovu. Kila nikiwasimulia habari za kozi yetu ya ualimu wananiuliza mabomu yalilia wapi, nami nachoka nao. Mabomu yalilia juu, kwa Wamakonde. Sisi tuliokuwa mjini, kwenye ghuba ya Tungue, kaskazini mwa Msumbiji, tulisikia ngurumo, tukaendelea kunyambua vitenzi vya Kireno. Kilichonivunja mimi katika vita vile vya kumwondoa Mreno ni harusi.

Kozi ilikuwa ya kutufanya monitores, yaani walimu wasaidizi wa shule za vijijini. Tulikuwa mchanganyiko: Waislamu wa pwani, Wamakonde wa misheni, na Wamakua wachache ambao hawakutaka ugomvi na mtu. Ukikamatwa unasema Kiswahili darasani ulipelekwa kubeba maji ya jikoni, na mimi nilibeba sana. Bweni la wasichana halikuwepo, kwa hiyo tulipangishwa kwa mama mmoja mjane nyuma ya soko, wawili kitanda kimoja. Mwenzangu wa kitandani alikuwa Mmakonde.

Mwanzoni hatukupatana. Usoni alikuwa na nembo, chale nyeusi alizochanjwa utotoni kwa heshima ya kwao, nami kwa ujinga wangu nikamwuliza kama bado zinauma. Akanijibu kwa Kireno safi cha misheni, nisielewe hata neno, akacheka. Nikamwita mla panya. Akaniita mla samaki wa jana. Urafiki wetu ulianzia hapo, kwenye matusi. Baadaye alinifundisha vitenzi huku akinisuka, nikikosea anavuta nywele. Mimi nilimfundisha kukuna nazi. Ramadhani ilipoingia akawa anajificha nyuma ya choo kula muhogo wake ili asinitamanishe, nikamwambia arudi ale ndani, kwani saumu yangu haivunjwi na mdomo wake.

Na kulikuwa na kijana wa Namoto, kijiji cha kando ya mto Rovuma, Mwislamu wa pwani kama mimi, mrefu, mwoga wa hesabu. Tulipendana. Nalisema wazi kwa kuwa sina tena wa kumwonea haya. Tuliahidiana kuwa mtihani ukiisha atatuma posa kwetu. Watu wake walikuwa hawajui bado. Aliyejua ni shoga yangu yule Mmakonde tu, maana bila yeye kukaa kati yetu tusingeweza kuonekana pamoja bila kusengenywa. Basi tulikaa watatu kwenye ukuta wa nyuma ya darasa, tukibishana mambo makubwa. Wareno walituita wenyeji, na nyumbani walituita watoto wa Wareno.

"Sasa sisi ni nani?" aliuliza yule kijana siku moja.

"Mie Mmakonde," akasema shoga yangu. "Nyie endeleeni kufikiri, mkimaliza mtanambia."

Asubuhi moja askari waliingia darasani wakawachukua vijana wote wa Kimakonde. Shoga yangu siku hiyo alikuwa amelala kwa yule mjane na homa. Kaka yake alikuwa ameingia msituni kupigana, na jambo hilo lilikuwa limeshajulikana. Tukaelewa kuwa wakimkumbuka watamfuata, na wakimchukua hatutamwona tena. Pa kukimbilia palikuwa mahali pamoja tu, ng'ambo ya Rovuma, Tanzania. Lakini njia ya Namoto ilikuwa na kizuizi, na uso ule usingepita.

Shauri lilikuwa langu. Nikasema tumfanye bi harusi. Bi harusi wa kwetu hupakwa msiro, ule mti unaosagwa juu ya jiwe kwa maji mpaka uso unakuwa mweupe. Hufunikwa kanga, huinamisha kichwa, na hasemi na mtu. Uso wake ungefichika, na matamshi yake ya bara yasingesikika. Bwana harusi awe yule kijana, kwa kuwa Namoto ni kwao. Mimi nijifanye ndugu wa bi harusi. Akili zetu za kozi zikaona mambo yametimia.

Mtu mzima wa kutupa heshima tulimpata. Ami yake yule kijana, mwalimu wa chuo cha Kurani, alikuwa anakwenda Namoto na lori la mbata. Hatukumwambia ukweli, maana asingekubali kusema uongo hata kwa kufa. Tulimwambia binti ni yatima wa Olumbi, ndoa itafungwa Namoto. Akafurahi. Njia nzima alikohoa na kumsifu mwana wa nduguye, huku mimi nikimpaka bi harusi msiro mbichi kila ulipokauka, kwa sababu ukikauka unapasuka, na unapasuka palepale penye chale.

Kwenye kizuizi askari Mreno hakutujali. Aliyetujali ni sipai, askari mweusi wa serikali, mtu wa pwani.

"Bi harusi anakwenda wapi?" akauliza.

"Namoto, kuolewa," nikajibu.

Akasogea karibu na lori. "Tangu lini mwari akapelekwa kwa mume kabla ya ndoa? Ndoa hufungwa kwao, ndo akatolewa. Nyie watu wa wapi?"

Alisema kweli. Kila mtoto wa pwani anajua hivyo, na sisi, watoto wa pwani wawili na vitenzi vyetu, hatukuwaza. Shoga yangu akazidi kuinama chini ya kanga. Sipai akanyoosha mkono kumfunua.

Ami akakohoa. "Mwanangu, huyu yatima, hana kwao. Lakini kama ndoa ndo inakutia shaka, tabu iko wapi? N'tamuoza hapa hapa. We na dereva mtakuwa mashahidi."

Sipai akarudisha mkono. Pakatandikwa gunia la mbata kando ya lori. Ami akasoma alichosoma, mahari ikatajwa, akamwuliza bi harusi kama ameridhia. Bi harusi akanyamaza, na kwetu mwari akinyamaza amekubali. Kisha akamgeukia mwana wa nduguye. Yule kijana akanitazama mimi. Nikamwashiria kwa macho aseme, aseme upesi.

"Nimekubali," akasema.

Sipai akatuombea baraka, tukapita.

Namoto tulimweleza ami kila kitu. Hakutukaripia. Alikaa chini kwenye ukingo wa mto, akavua viatu. Yule kijana akasema, "Ami, ilikuwa mchezo."

"Ndoa haina mchezo," akasema ami. "Ulisema, na mashahidi wakasikia. We una mke."

Nililia kwa sauti, sikujali. Ami akanitazama, nadhani hapo ndipo alipoelewa. Akamwita shoga yangu, ambaye alikuwa ameshanawa msiro, nembo zake ziko wazi juani.

"Binti," akamwambia, "pale ulinyamaza kwa kuogopa bunduki. Hapa hapana bunduki. Sema tu kwamba hukuridhia, na ndoa hii imekufa saa hii, kila mtu ashike njia yake. Uliridhia?"

Nikamngoja. Alikuwa na Kimakonde chake, na Kireno cha misheni, na Kiswahili alichokipata kitandani kwangu. Lugha tatu, na alichotakiwa kusema ni neno moja tu, hapana. Akatazama maji. Nikamgeukia yule kijana, nikitumaini atasema yeye. Naye alikuwa anatazama maji yaleyale.

Ami akangoja mpaka akachoka, kisha akavaa viatu vyake.

Wakavuka wale wawili kwa mtumbwi wa wavuvi. Nilimpa kanga yangu ya pili, kwa kuwa homa ilikuwa haijamtoka. Hakuniaga, wala sikumlazimisha.

Nikarudi na lori lilelile. Jumatatu mkuu wa kozi akaingia na askari wawili, akanisimamisha, akaniuliza kwa Kireno wenzangu wamekwenda wapi. Kireno chote cha kumjibu nilikuwa nacho, maana nilifundishwa vizuri. Nikainamisha kichwa, nikanyamaza.