Panja la Kulia

Jina la Bi Mistari alipewa na wateja wake, tena si la kumbembeleza. Ukikaa kwenye kigoda katikati ya magoti yake, ukainuka baada ya saa mbili, njia za kichwani mwako zilikuwa zimenyooka kama zimepigwa rula, na mpaka wiki ya tatu hakuna unywele uliochomoza. Alisuka maharusi, alisuka walimu, alisuka wasichana wa shule waliotakiwa Jumatatu waonekane na mistari minane, si saba wala tisa. Miaka arobaini na mitatu alifanya kazi hiyo kwenye kibaraza kile kile cha nyuma chenye sakafu nyekundu, juu ya kiti kile kile ambacho mguu wake mmoja umefungwa waya. Na vidole vyake havikusahau kichwa. Ukipishana naye njiani umejifunga kitambaa, angeweza kukwambia kovu lako la utotoni liko wapi.

Uzee ulipoingia magotini, wateja aliwapunguza mwenyewe mmoja mmoja, mpaka kikabaki kichwa kimoja asichotaka kukiachia: cha mjukuu wake wa miaka minane, ambaye kwa kuwa mdomo wake haupumziki, nyumba nzima inamwita Chiriku. Nywele za Chiriku ni kipilipili chenyewe, nyeusi ti, nzito, zikiguswa na maji zinajirudi kichwani hadi mgeni anadhani zimenyolewa. Kila baada ya wiki mbili, Jumamosi saa tatu, mtoto analetwa, anafumuliwa, anaoshwa, anasukwa. Siku hizo Bi Mistari huamka mapema na kufagia kibaraza mara mbili.

Jumamosi hiyo binti yake, mama wa Chiriku, ambaye ni muuguzi na kwa kawaida huondoka mbio kuwahi zamu, hakuondoka. Alimfumua mtoto mistari ya mbele, akamgeuzia kichwa kwenye mwanga.

"Mama, hebu tazama hapa."

Panja la kushoto lilikuwa limejaa. La kulia, juu ya sikio, lilikuwa na uwazi wa ukubwa wa kizibo cha soda, na kando yake vinywele vifupi vimesimama kama mabua baada ya mavuno.

"Zinakatika. Mwezi wa nne huu," binti alisema. "Nimepaka kila kitu. Sasa usinielewe vibaya, Mama. Leo msuke, lakini zisiporudi, nampeleka kwa yule dada mwenye saluni karibu na duka la dawa. Yule amesomea nywele za asili."

"Amesomea."

"Ana cheti ukutani."

"Mimi sina cheti, nina wewe. Nimekusuka tangu una meno mawili mpaka umeolewa. Ulikwenda kwa mumeo na upara?"

Binti alirekebisha kilemba chake. Akaacha mezani mfuko wenye chupa nne na karatasi aliyoiandika kwa mkono, maelekezo aliyoyanakili kutoka kwenye simu, akaondoka.

Bi Mistari alivaa miwani akaisoma karatasi mara mbili, kidole kikifuata maneno. Alikuwa na nia ya kushinda, na huwezi kumshinda mtu bila kujua anachosema. Karatasi ilisema nywele zisipakwe mafuta kabla ya maji. Yeye maisha yake yote alianza na mafuta. Ilisema zisichanwe zikiwa kavu. Yeye alichana kavu, kwani mbichi zilimteleza. Ilisema pia uchukue unywele mmoja uutie kwenye glasi ya maji: ukielea, nywele zako zinakataa maji, ukizama, zinakunywa maji kupita kiasi.

"Tuone," alisema.

Wa kwanza ukaelea. Wa pili, wa kichwa hicho hicho, ukazama papo hapo. Wa tatu ukaenda mpaka katikati ukabaki hapo, kama abiria asiyejua kituo chake.

"Bibi," Chiriku aliuliza, kidevu kikiwa juu ya meza, "hizi zote ni zangu?"

"Ni zako. Nimezing'oa mwenyewe."

"Sasa mbona hazielewani?"

Bi Mistari aliinyanyua glasi kwenye mwanga. Aliwaza labda ni mto. Akamuuliza mtoto huwa analalia upande gani, na mtoto akajilaza sakafuni kuonyesha: shavu la kushoto chini, kila siku, kwa sababu upande wa kulia kuna ukuta na ukuta unanuka rangi. Hapo mambo yakamchanganya zaidi. Kama ni mto, lingekatika la kushoto. Kama ni maji, yangekatika yote mawili. Kama ni ugonjwa, ugonjwa gani huo unaojua kulia na kushoto?

Alikuwa bado ameshika glasi pale alipoingia jirani yake mshonaji, mwanamke wanayemwita Sindano, si kwa cherehani yake bali kwa ulimi. Kichwa cha Sindano alikisuka Bi Mistari miaka ishirini na mitano kabla ya magoti kumzuia, na Sindano naye ndiye anayemsuka Bi Mistari, kwa kuwa hakuna msusi anayefika kisogoni kwake mwenyewe.

"Leo mnamloga nani?" Sindano aliuliza.

"Tunapima nywele."

"Mnapima kwa glasi? Haya, nipimeni na mimi, labda nitapata mume mwingine." Akavuta kigoda, akaliangalia panja la mtoto. "Ah, hiki tu? Mtoto wa watu mnamtesa bure. Mimi hapa nimekatika tangu sijui lini, nikajua ndiyo uzee wenyewe umeshabisha hodi."

Akavua kitambaa. Panja la kulia.

Bi Mistari alipawekea kidole. Palikuwa laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Akageuza kichwa cha Sindano upande wa pili, akakuta nywele zimejaa, na mvi zake, hakuna shida. Akakirudisha. Akakigeuza tena.

"Shingo hiyo nina moja tu, mama," Sindano alisema.

"Uzee gani unaoanzia upande mmoja?"

"Uliza huo uzee. Mimi nilikuja kuazima mkasi."

Sindano aliondoka na mkasi. Bi Mistari alimwosha mtoto, akamkausha kwa taulo, akamwacha nywele zimesimama huru, wala hakumsuka. Alikwenda chumbani kwenye kioo, akafungua kichwa chake. Panja la kulia limejaa. La kushoto limejaa. Alisimama hapo muda mrefu, akigusa huku na huku, akihisi kama mtu aliyeingia nyumba ya jirani akidhani ni yake: vitu vyote anavijua, lakini kuna kitu hakiko mahali pake.

Saa kumi binti alirudi kumchukua mtoto, akamkuta hajasukwa.

"Mama, unaumwa?"

"Vua kilemba."

"Nina haraka, Mama."

"Nimesema vua."

Binti akavua. Bi Mistari hakuhitaji kusogea karibu.

"Tangu lini?"

"Tangu shule ya msingi, padogo tu, mstari wa juu yake ukipafunika. Nilijua ndivyo nilivyoumbwa."

Bi Mistari alikaa kwenye kiti chake. Akaitazama mikono yake, kisha akainyanyua mbele yake hewani, kama kuna kichwa, akaiacha ifanye inavyojua. Mikono ikaenda kulia. Haikuuliza. Shangazi yake, aliyemfundisha, alimwambia aanzie upande wa mkono wa kulia vidole vikiwa bado na nguvu, maana mstari wa kwanza ndio unaoshika kichwa chote. Naye aliuvuta mstari huo wa kwanza mpaka jicho la mteja likapanda kidogo, na alijivunia jicho hilo. Akifika kushoto, saa mbili baadaye, vidole vimechoka na vinavuta kidogo tu. Miaka arobaini na mitatu. Akaanza kuwahesabu, maharusi, walimu, wasichana wa mistari minane, akashindwa, akarudi mwanzo, akashindwa tena. Na kama ni kweli, kwa nini hakuna hata mmoja aliyemwambia?

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini, Mama?"

"Panja. Ni mkono wangu."

Binti alikikunja kilemba mkononi. Chiriku aliangalia huyu akaangalia yule.

"Njoo," Bi Mistari alimwambia. "Nikikusuka, huwa inauma?"

Mtoto alimtazama mama yake kwanza.

"Naruhusiwa kusema?"

Swali hilo lilimjibu bibi lile alilokuwa akijiuliza. Maneno aliyowaambia wote waliokaa kwenye kigoda kile yalikuwa mamoja: tulia, ukilia naanza upya. Wakatulia.

"Sema."

"Inauma huku. Jicho halifumbi vizuri mpaka Jumatatu."

"Basi nenda kwa dada wa saluni," Bi Mistari alisema, kisha akamgeukia binti yake. "Mpeleke. Yeye amesomea."

"Mimi sitaki dada wa saluni," Chiriku alisema. "Nataka isiume."

Binti hakuamua. Alivua viatu vya kazi, akakaa kizingitini.

Bi Mistari alimvuta mtoto magotini. Panja la kulia alilipitishia maji na mafuta kidogo akaliacha wazi, lisiguswe. Kisha akapasua njia kisogoni, mahali ambapo hajawahi kuanzia, na vidole vikababaika kama vya mwanafunzi. Hakujua avute kiasi gani. Akivuta kidogo mstari unalegea. Akiongeza, anaona bega la mtoto likipanda, anaachia. Alitoka jasho kwa kazi ambayo zamani angeifanya huku akisimulia hadithi.

"Bibi, unaanza saa ngapi?"

"Nipo mstari wa pili."

Chiriku alipapasa kisogo, akakuta kweli. Mama yake, pale kizingitini, alisema zamu zimebadilika, kwa hiyo Jumamosi ya wiki mbili zijazo atamleta saa nne badala ya saa tatu.

"Saa nne," Bi Mistari alisema.

Aliutazama mstari wa kwanza. Ulikuwa umepinda kama njia ya mbuzi. Akashika ncha yake aufumue, akaiachia, akaishika tena, akabaki ameishika, asijue aufumue au auache.