Pete Iliyogonga Kioo

Ti, ti, ti.

Ilikuwa pete ya shaba ikigonga kioo. Sauti nyembamba, isiyo na hasira, kama ya mtu anayeomba radhi kwa kusumbua. Miaka saba imepita, na bado ikimjia huacha alichoshika, hata kama ni mwiko jikoni, akageuka.

Wakati huo alikuwa karani wa masijala ya hospitali. Alikaa nyuma ya dirisha lenye tundu la kuongelea, mafaili yamempanda hadi mabegani, na kazi yake ilikuwa kuita majina. Sauti alikuwa nayo. Wauguzi walimwita Mama Spika, wakasema siku umeme ukikatika yeye hatapata habari. Utaratibu ulikuwa mmoja: jina linaitwa mara tatu, na asiyeitika faili lake linakwenda chini ya rundo.

Asubuhi moja aliita jina la fundi saa fulani mara tatu, kimya. Akaliweka faili chini. Ndipo pete ikagonga. Mbele ya kioo alisimama mzee mwembamba, shati limefungwa vifungo hadi shingoni, mdomo wazi, hasemi kitu. Karani akamwambia asubiri zamu yake. Pete ikagonga tena. Safari hii akamwambia, kwa ile sauti yake ya spika, kwamba kioo si ngoma. Benchi zima likacheka. Mzee akarudi kukaa.

Alikaa hadi saa nane mchana. Benchi lilipobaki na mtu mmoja, na rundo limebaki na faili moja, karani alitazama faili, akamtazama mtu. Alitoka dirishani kwa mara ya kwanza siku ile, akaenda kuchuchumaa mbele yake, akamuuliza kama jina lile ni lake. Mzee aliitikia kwa kichwa na machozi yakamshuka. Kiharusi kilikuwa kimemnyang'anya maneno, kikamwachia akili yote. Alilisikia jina lake mara zote tatu.

Hapo ndipo maisha ya karani yalipokata kona. Alikuwa hajui kwamba duniani kuna kazi ya kumrudishia mtu usemi. Wiki chache baadaye alimwona mtaalamu akimfundisha yule yule fundi saa kutamka neno "maji", akasimama mlangoni na mafaili mkononi mpaka mkuu wake akaja kumtafuta. Akaanza kuuliza wanasomea wapi. Akarudia mitihani ya sekondari. Alipoingia chuoni alikuwa na miaka thelathini na minane, na wanadarasa wenzake walimwita Shangazi. Akisinzia kwenye somo la neva, walimfunika koti na kumwandikia maelezo. Nyumbani alisomea meza moja na bintiye, na binti ndiye aliyekuwa mkali: simu akaiweke chumbani, mtihani hausomwi kwa kuchungulia ujumbe.

Mwaka wa mwisho, chama cha wataalamu wa usemi kiliwaalika wanafunzi kwenye mkutano wake mkuu. Kila mmoja alete bango na aeleze kazi yake kwa dakika nane. Itakayochaguliwa itajaribiwa hospitali zote za jimbo. Kazi yake Shangazi ilikuwa ubao wa picha wa kutundika kando ya dirisha la masijala, ili asiyeweza kusema aguse kwa kidole: nimesikia jina langu, siwezi kuongea, nina maumivu. Aliitaka nafasi ile kuliko cheti chenyewe. Akichaguliwa, hakuna mtu atakayewekwa tena chini ya rundo kwa kosa la kunyamaza. Juu kabisa ya bango alikiandika kisa cha fundi saa.

Siku tatu kabla ya mkutano, mwalimu msimamizi wake, binti ambaye angeweza kuwa mdogo wake wa mwisho, aliuliza ridhaa ya mgonjwa iko wapi. Shangazi akamwonyesha fomu iliyotiwa saini na mke wa fundi, mojawapo ya siku alizokwenda kwao kwa mafunzo ya vitendo. Mwalimu alivua miwani.

"Aliyenyimwa zamu pale dirishani si mkewe, Shangazi. Yeye mwenyewe umemuuliza?"

Hakuwa amemuuliza. Yeye, kati ya watu wote.

Kesho yake alikwenda. Sebule ya fundi ilikuwa na saa kumi na mbili ukutani, zote zikienda sawa. Mke alileta chai, akakaa, akawa anajibu yote kwa niaba ya mumewe, kwa mazoea ya miaka: anakula vizuri, analala vizuri, hilo bango amelikubali. Mgeni akamwomba kwa adabu kwamba jambo hili amwachie Fundi. Kisha akamweleza Fundi picha moja moja, kwa sentensi fupi, kila baada ya sentensi anatua. Mwisho akasema lile ambalo halikuandikwa kwenye fomu, kwamba karani wa kisa kile alikuwa ni yeye.

 Fundi akagonga meza kwa pete, ti, ti, ti, na mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Mwanangu," mke akasema, "huyu alikutambua tangu siku ya kwanza uliyoingia hapa na koti jeupe. Sisi humu ndani jina lako ni Kioo-si-Ngoma."

Fundi akaweka kidole kwenye neno "ndiyo" pale ubaoni. Akakiweka kifuani pake. Kisha akakiweka juu ya barua ya mwaliko wa mkutano aliyokuja nayo mgeni, akakibonyeza. Anataka kuja.

Siku ya mkutano, wapokezi walimwona Shangazi na mvi zake mbili tatu, wakamketisha mstari wa mbele na maprofesa. Ilibidi ainuke, bango kwapani, awaonyeshe beji iliyoandikwa "Mwanafunzi", na wenzake huko nyuma wakacheka hadi wakainama. Fundi alifika na mkewe, vifungo hadi shingoni, wakakaa kando ya jukwaa.

Dakika sita za mwanzo zilikwenda vizuri. Zilibaki mbili, na kwa ajili ya hizo alikuwa ametunza jambo zito kuliko yote, matokeo ya ubao kwenye madirisha matatu alikoujaribu. Mkono ukainuka katikati ya ukumbi. Mama mmoja aliuliza swali fupi: bwana huyu mwenyewe anauonaje ubao?

Jibu alikuwa nalo. Lingechukua nusu dakika. Alifungua kinywa, na pembeni ya jicho akamwona Fundi ameegemea mkongojo, midomo inatafuta.

Akafunga kinywa. Akashuka na kipaza sauti, akachuchumaa mbele yake kama siku ile, akasubiri.

Mahali pengine popote mtu angekohoa, au angemmalizia. Lakini mle ndani walikuwamo watu karibu mia tatu ambao kusubiri ndiyo kazi yao. Hakuna kiti kilicholia. Hakuna aliyemdokezea hata silabi. Mkewe alijiziba mdomo kwa kiganja. Mwenyekiti wa kikao, muda ulipokwisha, aliinua kengele yake ndogo, kisha akaushika ulimi wa kengele kwa kidole isilie.

"Karani..." Fundi akasema.

Wakasubiri.

"Karani... atoke." Akatembeza vidole viwili juu ya goti lake. "Atoke... dirishani."

Akauelekea ubao, akauinulia kidole gumba kwa heshima, kisha akausogeza pembeni hewani kwa mkono mmoja, kama mtu anayeondoa sahani. Kicheko kikapita ukumbini, kicheko cha watu walioambiwa kweli. Shangazi alipanda jukwaani, akachukua kalamu nene, na chini ya picha zake zote alizozichora kwa miezi minne akaandika: Karani atoke dirishani. Mwandiko ulikwenda upande.

Hakuchaguliwa. Alizidisha dakika nne, na mwenyekiti alimweleza hivyo huku amemshika mkono kwa mikono yake yote miwili. Aliyechaguliwa alikuwa mwanadarasa mwenzake, mmoja wa wale wa kumfunika koti, na Shangazi alimpigia makofi mpaka viganja vikawaka. Wakati wa chai mganga mkuu wa hospitali moja alikuja mbele ya bango, akapiga picha ule mstari wa kalamu peke yake, akamuuliza lini anaweza kuja kuzungumza na makarani wake. Wengine walijipanga kwa Fundi. Kila mmoja aliinama, akataja jina lake, akangoja.

Foleni ilipokwisha, mke alikwenda kutafuta sukari. Shangazi akavuta kiti. Fundi alikuwa anachezea kikombe, pete ikigusa ukingo. Ti, ti, ti.

Alikuwa na maneno mengi ya miaka saba. Mama Spika, aliyekuwa akisikika wodi tatu, akamsogelea sikioni.

"Asante kwa kugonga, Fundi," akanong'ona.