Mtu wa Mlangoni Kua

Maleeha alikuwa na miaka arobaini na tatu, na kwa miaka kumi na minane alikuwa akiuza madaftari na kalamu katika duka la baba yake, mzee Ahmedali, pale Kilindoni. Jumapili duka likifungwa, alichora kwa rangi za maji. Chuoni, alikosomea ualimu wa sanaa, alifundishwa njia nyingi, naye akabaki na moja. Karatasi anailowesha kwanza, mbele na nyuma, mpaka ilale kwenye ubao kama chapati mbichi, ndipo anaigusisha rangi. Hapo rangi haikai ilipowekwa. Inatambaa, inakutana na nyingine, inafanya mambo yake. Kazi ya mchoraji ni kuinamisha ubao na kujua wakati wa kuacha.

"Mbona picha zako zote zina ukungu?" wateja walimwuliza.

"Ndivyo ninavyoona," aliwajibu, wala hakuwa anatania.

Jumapili moja ya Agosti alikwenda Kua, mji uliohamwa zamani kule kisiwa cha Juani. Kombo, mwenye boti, alimshusha mikokoni maji yakiwa yamejaa.

"Haya, Bi Maleeha. Maji yakitoka sifiki tena hapa mpaka jioni. Ukiwaona wenyeji, wasalimie."

"Wenyeji gani, we Kombo?"

"Si haohao usiowaona." Akacheka, lakini macho hakuyainua kutazama magofu.

Alikaa mbele ya nyumba moja iliyobaki ukuta na mlango tu. Alipofungua mkoba, akajishika kichwa: kidumu cha maji kimesahaulika kwenye boti. Maji ya bahari huacha chumvi kwenye karatasi, na kisima hakuna. Akakumbuka gofu la msikiti. Kwenye kidaka cha ukuta wake, watu wenye nadhiri huweka chupa za marashi ya waridi, na kilichowekwa pale hakiguswi. Chupa moja ilikuwa mpya, imejaa hadi shingoni.

"Naazima tu," alisema kwa sauti. "Nitarudisha."

Hata ndege hawakulia.

Akalowesha karatasi kwa marashi. Akaweka kijivu cha kuta, kijani cha miti, na mlango akauacha mweupe. Alipoinamisha ubao, kijivu kikateleza kutoka ukutani, kikaingia mlangoni, kikasimama. Alikifyonza kwa kitambaa. Kikarudi. Alikifyonza tena, na mara hii kikarudi na mabega, bega la kushoto limeshuka kuliko la kulia. Maleeha akautazama mlango wenyewe. Hapakuwa na mtu. Hata hivyo alihamisha mkeka wake, na hakuupa mlango ule mgongo tena mpaka boti ilipofika.

Kombo aliiona picha, akaiinamia.

"Huyu Mtoro," alisema.

"Mtoro yupi? Mimi simjui."

"Mzamiaji wa pweza, wa pale Chole. Bega hilo alilivunja alipoanguka mnazini. Miezi mitano sasa, alizama nyuma ya Juani, kikaonekana kiatu chake kimoja cha kuogelea, basi. Na ile chupa ya marashi pale msikitini kaiweka mkewe."

Wiki nzima Maleeha alilala vibaya. Angeweza kuichana picha, na mara mbili aliishika kwa nia hiyo. Jumapili iliyofuata aliibeba ikiwa bado kwenye ubao wake, pamoja na ile chupa iliyobaki nusu na chupa nyingine mpya, akavuka hadi Chole.

Swabaha, mke wa Mtoro, alikuwa barazani anachagua mchele kwenye ungo.

"Shikamoo, dada," Swabaha alimwamkia.

"Marahaba. Nimekuja na kosa langu."

Akamweleza yote. Swabaha hakukasirika. Aliweka ungo kando, akaitazama picha kwa muda mrefu mno.

"Shemeji zangu wanataka nikae eda," alisema hatimaye. "Nawaambia, maiti iko wapi? Nimeweka nadhiri anijie. Sasa niambie wewe, huyu anakwenda au anakuja?"

Maleeha alitazama. Mtu yule hakuwa na uso wala kisogo, ni kivuli tu.

"Sijui."

"Hujui? Si wewe uliyemchora?"

"Sikumchora. Alijileta."

"Basi mloweshe tena tumwone."

"Anaweza kufutika, Swabaha. Asibaki kitu."

"Miezi mitano mimi si mke, si mjane. Mwaga, dada."

Maleeha akaegemeza ubao kwenye nguzo ya baraza, akamimina marashi yaliyobaki juu ya karatasi. Brashi hakuigusa. Kwa muda hakikutokea kitu. Kisha mabega yakalegea, na kivuli kizima kikaanza kushuka. Kilitoka mlangoni, kikapita kwenye majani, kikafika ukingoni mwa ubao, kikadondoka tone kwa tone kwenye saruji. Swabaha akavuta miguu yake nyuma, kama anayempisha mtu.

"Anakuja," alisema.

Sakafuni rangi ilitandaa ikawa kama unyayo uliolowa, vidole vimeelekea ndani ya nyumba. Maleeha akachukua kitambaa.

"Usifute! Mwache aingie."

Wakakaa wakiitazama. Kulikuwa na jua kali na upepo, lakini alama ile haikukauka mpaka ilipoadhiniwa adhuhuri. Ilipokauka haikuacha doa lolote.

Swabaha alivua bangili zake, moja baada ya moja, akaziweka juu ya mchele.

"Kaja kuaga," alisema. "Ukipita pale kwa shemeji zangu, waambie waje. Nakaa eda."

Maleeha akainuka. Kwenye karatasi mlango ulikuwa umebaki mweupe, mtupu, kama alivyouacha mwanzo. Alimwachia picha na ile chupa mpya, akatoka barazani akikanyaga pembeni mwa pale palipokuwa na unyayo.