Gunia Juu ya Tenki

Chuma kilianguka kwenye saruji ya uani, kikalia kama kengele ya shule. Nilikuwa chumbani naandika. Nilipotoka nikaukuta usukani wa zamani wa pikipiki ya kaka yangu umelala chini, na fundi ameshika mpya, mweusi, uliopanda juu na kurudi nyuma kama pembe za ng'ombe wa tambarare.

Kaka alikuwa amevunjika kifundo cha mkono, na mfupa ukaunga vibaya. Kwa usukani ule wa chini, mkono ulikufa ganzi kabla hajamaliza mlima. Na kazi yake ni mlima: huteremsha tangawizi kutoka Bombo hadi hapa Same. Huu wa juu usipomfaa, alishasema, pikipiki anauza. Mama alikuwa ameanza kumtafutia kibanda cha vocha karibu na stendi, wala hakuficha.

Fundi alipomaliza kuufunga, kaka akapanda. Mikono ikakaa usawa wa kifua.

"Umekaa kama unaomba dua," fundi akasema.

"Kona za kule bila dua hufiki."

"Mkono vipi?"

Akaukunja, akaukunjua. "Hauumi." Alisema polepole, kama anayeogopa kuyaamsha maumivu.

Fundi akawasha injini, akageuza usukani kushoto mpaka mwisho, kisha kulia. Mlio haukubadilika; waya wa mafuta haukuvutwa. Akaanza kukusanya spana zake.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na ungo wa mchele. Upepo ulituletea pumba usoni. Alipepeta mara moja, akaacha.

"Na gunia je?"

"Gunia gani, mama?" Fundi ni mtu wa hapa chini, amezoea pikipiki za mjini zinazobeba abiria nyuma.

"Hawa wa tangawizi wakishuka kule mlimani, gunia moja linakaa mbele, juu ya tenki. Huyu mwenyewe furaha imemsahaulisha."

Kaka akacheka, halafu kicheko kikamkauka. Tukatoa gunia la tangawizi stoo, tukalifunga mbele yake. Fundi akageuza tena usukani kushoto. Gunia likaubana waya wa mafuta na mlio wa injini ukapanda wenyewe, ukanguruma, huku kaka amenyanyua mikono hewani. Kuku wakatawanyika. Niliziwaza kona za mkono wa kushoto, zile zisizo na ukingo.

Fundi akazima.

"Basi," kaka akasema, akishuka. "Nitauza."

Nilimtazama mama. Sasa kaka angeenda kibandani kama alivyotaka yeye, alichotakiwa ni kukaa kimya tu. Aliangalia mchele, akatoa punje moja ya jiwe, akaitupa.

"Waya mrefu zaidi ya huo hamna?" akamuuliza fundi.

"Upo, mama. Ningeupitisha mbele ya taa, gunia lisiufikie."

"Sasa unangoja nini? Nikupikie chai kwanza?"

Waya mrefu ulipofungwa, waligeuza usukani kushoto na kulia, gunia likiwa palepale, mpaka mama mwenyewe aliposema inatosha. Injini ilibaki na mlio uleule.

Asubuhi iliyofuata kaka alikunywa uji akiwa amesimama. Mama akamfunga kifundo kwa kitambaa, akakaza fundo kwa meno.

"Kona za kushoto, taratibu."

"Ndiyo, mama."

Alitoka. Mama akasubiri pikipiki iwake, akausikiliza mlio mpaka ulipopinda kuelekea barabarani bila kupanda, kisha akafunga mlango.