Miezi saba seli zangu ziligoma kufunguka kwa ATP, hadi mwalimu wangu wa kemia aliponiuliza maswali mawili

Wakuu, poleni na majukumu.

Haya yamenitokea mwenyewe, na sehemu ya aibu sitairuka. Mimi ni mtoto wa Mapera, Mbinga. Nipo Dar, nasoma masters ya baiolojia ya seli.

Kwa wasio wa fani: ATP ni nishati ambayo seli inaitumia ndani yake. Lakini ukiiweka nje ya seli za aina fulani, inafungua vitundu kwenye utando wa seli, na vitu ambavyo kwa kawaida havipiti vinaingia. Hilo linajulikana siku nyingi.

Kazi yangu ilikuwa kupima utando unafunguka kiasi gani kwenye seli za panya tunazozikuza maabara. Naweka ATP, naweka rangi ambayo ikiingia ndani ya seli inang'aa, kisha naangalia kwenye hadubini.

Rahisi, au siyo?

Miezi saba wakuu. Giza tupu.

Nilibadilisha rangi. Nikaagiza ATP mpya. Nikaanza na seli nyingine kabisa. Na ujue seli hizi zinalelewa kama kichanga, chakula chake unabadilisha hata sikukuu. Pasaka niliila na incubator, kabati la joto la kukuzia seli.

Supervisor wangu ni mama mpole. Siku moja akaniambia, "Nenda nyumbani wiki mbili upumzike. Ukirudi tubadilishe mada."

Kubadilisha mada ni kuanza moja. Moyoni nikajua sirudi tena. Sikumwambia mtu.

Mapera nikamkuta mama kwenye uchumaji wa kahawa. Nikachuma naye siku nne. Ya tano akasema, "Kesho nenda Matiri ukamsalimie Mwalimu Kapinga. Kila nikikutana naye sokoni Mbinga anakuulizia."

Mwalimu huyu alinifundisha kemia kidato cha kwanza mpaka cha nne. Nikachukua bodaboda, baridi ya Julai inakata masikio. Nikamkuta sebuleni anasahihisha mock za form four, uani kahawa imeanikwa.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umekonda. Kaa hapo, nisaidie section A."

Yaani hata habari za safari hakuuliza! Nikasahihisha rundo zima. Tukala ugali na mbasa, samaki wa Ziwa Nyasa ambao dada yake alimletea kutoka Mbamba Bay. Ndipo akauliza, "Haya, huko unasoma nini?"

Sijui ilikuwaje, nikajikuta nasema yote. Mpaka la kuacha chuo.

Hakunipa pole. Alisema, "Hizo seli mimi sijawahi kuziona. Ila kwenye hicho chombo mnaweka nini na nini? Niandikie kila kitu."

Nikaandika: maji, chumvi, potasiamu, sukari, kalsiamu, magnesiamu, ATP, rangi.

Akasoma taratibu.

"ATP ina chaji gani?"

"Hasi nne, Mwalimu."

"Na magnesiamu?"

"Chanya m..."

Sikumaliza.

Niwaeleze. Chaji hasi na chanya zinavutana. Magnesiamu na kalsiamu kwenye maji yangu zilikuwa zinaikamata ATP kabla haijafanya kazi. Inayofungua utando ni ile iliyo huru, na mimi nilikuwa nimebakiza kidogo mno.

Aibu yenyewe ni hii: nilishalisoma hilo. Mwezi wa kwanza kabisa, na nikalipigia mstari. Halafu nikaenda kutumia maji ya kawaida ya lab kwa sababu kila mtu anatumia hayo.

Nilipomwambia Mwalimu kuwa nililipigia mstari, alicheka mpaka akavua miwani. Nikacheka na mimi. Sikumbuki mara ya mwisho kabla ya hapo nilicheka lini.

Nilirudi Dar kabla likizo haijaisha. Nikatengeneza maji mapya, magnesiamu sikuweka, kalsiamu tone tu. Nikaweka ATP na rangi.

Dakika chache, seli moja ikang'aa. Zikawa tatu. Halafu hadubini nzima.

Nikamkimbilia supervisor. Akaangalia muda mrefu, akasema, "Sasa zifunge."

Seli nyingine nikazifungua kwa ATP, nikazirudishia magnesiamu, ndipo nikaweka rangi. Haikuingia. Utando ulikuwa umejifunga. Kesho yake seli zile zilikuwa hai, zimeshikilia chombo, nyingine zinagawanyika. Niliziangalia machozi yananitoka, sifichi.

Nikampigia Mwalimu. Akashukuru Mungu, kisha akasema, "Sasa mwambie mama yako ulitaka kuacha chuo. Mimi sitakutunzia siri hiyo."

Nikampigia mama. Nikamweleza yote, nikaomba radhi.



"Nilijua," akasema. "Mtu wa likizo harudi na godoro. Kwani unadhani Matiri nilikutuma kusalimia tu?"

Wakuu, nilichojifunza: kikikushinda kitu, kaeleze kwa mtu asiyeona haya kukuuliza vya form two. Mimi nilikuwa nawaficha watu ambao tayari walikuwa wananibeba.

Wa fani, nikosoeni nilipoteleza. Na kama una mwalimu wa namna hii na bado yupo hai, mtaje hapa chini, halafu mpigie leo.