Msalaba wa Chaki kwenye Rimu ya Nne

Mimi ndiye niliyefuta chaki. Nimelikana jambo hilo kwa wateja, kwa mume wangu, na hata kwa mchungaji ambaye hakuwa ameniuliza. Sasa nimefika umri wa kuchoka.

Mwaka 2007 nilikuwa nikiuza rimu za aloi za mitumba mjini Nakuru, zile za kuvalisha magari ya Kijapani ya spidi, ambayo wenyewe waliyaosha mara nyingi kuliko walivyooga. Nilikuwa na digrii ya falsafa. Somo la maadili nililipita vizuri sana. Kuhusu rimu nilijua kwamba ni za mviringo.

Aliyejua alikuwa fundi wangu, mkazi wa Bondeni, mtu mpole aliyezaliwa magharibi ya nchi. Aliitundika rimu kwenye bomba, akaigonga kwa spana, akafumba macho. Rimu nzima hulia kama kengele na mlio hukawia kwisha. Yenye ufa hutoa sauti fupi, kama sufuria iliyojaa maharagwe. Hiyo aliichora msalaba wa chaki kwa ndani, na haikuuzwa. Hata Wahindi wa maduka ya spea walimletea zao azisikilize. Wengine wana shamba. Yeye alikuwa na sikio.

Oktoba nikapata seti ya rangi ya shaba, nzuri ajabu. Tatu zililia. Ya nne ikakohoa.

"Hii imekufa, madam," akasema, akichora msalaba.

"Si uichomelee kidogo?"

"Maiti haichomelewi."

Rimu huuzwa nne nne. Tatu ni za kuku kulalia. Alipokwenda kula, nikachukua kitambaa chenye mafuta ya taa, nikijiambia kwamba masikio nayo huzeeka. Alasiri akaja mfanyakazi wa mitambo ya mvuke kule Olkaria, aliyekuwa ameitafuta seti kama hiyo kwa miezi.

"Zimegongwa, mathe?"

"Zote. Na fundi mwenyewe."

Kila neno lilikuwa kweli. Ndiyo faida ya kusoma.

Majuma matatu baadaye alirudi, mkono mmoja umefungwa bendeji, mwingine umeshika gunia lenye kipande cha rimu. Ilikuwa imepasuka kwenye shimo akiteremka kutoka Dundori, gari likaishia katikati ya viazi vya watu. Wenye gereji jirani wakajaa mlangoni.

"Uliniambia zimegongwa."

"Si mimi ninayegonga," nikasema. "Muulize mwenye sikio."

Fundi akakitoa kile kipande, akapitisha kidole kwa ndani. Kwenye kona moja nilikuwa nimesahau weupe kidogo. Aliuona. Aliniangalia kwa muda mrefu, kama mtu anayemsubiri mwenzake amalizie sentensi. Sikumalizia.

"Mzee, enda uoshwe masikio," mmoja akamtania, na wengine wakacheka.

"Mimi nilisikia nilichosikia," akasema, akairudisha rimu guniani.

Kufikia Desemba hakuna Mhindi aliyemletea kitu. Alikaa kwenye mkebe wake wa rangi, spana mapajani, na mimi nikampitia kila asubuhi nikimuuliza habari za watoto.

Kura ikapigwa, matokeo yakazua fujo. Januari majirani wakaanza kuulizana walikozaliwa. Yeye na familia yake walifukuzwa Bondeni, wakalala kwenye uwanja wa maonyesho, kisha wakapanda lori la kwenda magharibi. Nami, Mungu anisamehe, niliona nafuu. Mtu akiniuliza alipo fundi wangu, nilikuwa na jibu lisilonihusu. "Ni hivi vita," nilisema, na watu wakatikisa vichwa kwa huzuni.

Lakini wateja walizoea kuona rimu zikigongwa. Nilipojaribu kugonga mwenyewe, zote zililia sawa. Katikati ya mwaka, mji ukiwa umetulia, nikampigia simu.

"Rudi, fundi. Nitawaambia watu ukweli wa ile chaki."

"Bado hujawaambia?"

"Ukirudi nitawaambia. Mbele yako."

"Madam, walionifukuza nyumbani walikuja Januari," akasema, bila hasira yoyote. "Kazini nilikuwa nimeshafukuzwa. Sasa huko nirudi wapi?"

Nikaanza kumweleza kuhusu hali ya biashara. Akanisikiliza mpaka mwisho, kama alivyozisikiliza rimu, kisha akasema nisalimie nyumbani, na akakata.